Ubeti wa Nne

Ukifika Mwamkulu ukamuulizia Cecilia, hata mtoto anayechunga mbuzi atakurudishia swali: "Cecilia yupi, yule wa mapokezi?" Jina hilo hakulitafuta. Lilimfuata lenyewe, kama vumbi la msafara linavyomfuata aliyesimama kando ya barabara.

Alisoma mpaka darasa la nne, akaolewa na Telesphor, akazaa watano wakabaki wanne, akalima mpunga kwenye majaruba ya wakwe mpaka kucha za miguu zikabadilika rangi. Hayo wanawake wengi wa kwao wameyapitia. Cha kwake peke yake kilikuwa kimoja tu: wimbo ukimjia haumwachi. Unamkuta anapalilia, anatikisa kichwa kidogo kama mtu anayefukuza nzi, na jioni anapoosha jembe wimbo umeshakamilika, una kiitikio chake na beti zake nne.

Beti ni nne, si tatu wala tano. Mama yake ndiye aliyemrithisha. Ubeti wa kwanza unamsalimu mgeni. Wa pili unasifu alikotoka. Wa tatu unasifu anapofikia. Wa nne ndio unaobeba haja. "Haja haitangulii mlangoni," mama yake alikuwa anasema. "Mtu haingii kwa watu akaanza kulia shida hata kiti hajapewa."

Na ilikuwepo kanuni nyingine, hiyo kali zaidi. Anayekutuza, unamtaja. Mtu akiinuka kwenye kiti chake akakubandika noti kwenye paji la uso, au akaitupa kwenye ungo, wimbo unasimama palepale ulipofika. Ngoma inaendelea kwa chinichini, na wewe unamwita jina, unamshukuru, unamzunguka mara moja, ndipo unaendelea na wimbo wako. Kumpita mtu aliyekutuza ni kula chake kimyakimya, na mwimbaji aliyefanya hivyo, kwao, hata msibani haitwi.

Ngoma kubwa ilipigwa na wifi yake Dina, dada wa Telesphor. Dina alikuwa mjane asiye na mtoto, mwembamba, mwenye mikono mirefu na mdomo usiolala. Ngoma ile aliilaza ndani kwake, karibu na kitanda, akaifunika kanga wakati wa baridi.

"Wifi, ngoma nayo inasikia baridi?" Cecilia alikuwa anamtania.

"Inasikia. Na haikoromi kama kaka yangu uliyeng'ang'ania kuolewa naye."

"Mimi nimeng'ang'ania? Si nyie mliokuja kwetu na mbuzi kilema?"

"Mbuzi kilema kwa bibi harusi mwenye sauti ya chura, tukaona inatosha."

Wanawake wa kikundi chao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Walikuwa kumi na sita siku hizo. Kila mgeni mkubwa aliyekuja upande huo, mtendaji wa kijiji alimpigia Cecilia simu jioni: "Mama Osward, kesho mapokezi." Hakuuliza kama kesho ni siku ya kupandikiza. Saa moja asubuhi wameshajipanga kando ya barabara na njuga miguuni. Wenye watoto wachanga walitandika kanga chini ya kivuli, wakawalaza kwa mstari, na msichana mmoja akaachwa kupunga nzi. Saa nne mgeni hajafika. Saa sita wanaambiwa yuko njiani. Maziwa yanajaa kifuani, mama anachomoka kwenye mstari, ananyonyesha akiwa amechuchumaa, njuga zinalia kila mtoto anapomvuta. Saa tisa magari yanapita na ving'ora, kioo kimoja kinashushwa, mkono unapungwa, basi. Wakirudi nyumbani wana soda moja moja, na mwaka wenye uchaguzi, fulana.

Telesphor hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliangalia tu jaruba lake ambalo majani yalishaushinda mpunga, akasema, "Mgeni wenu amefika salama?"

"Amefika."

"Haya, tushukuru."

Miaka ikaenda hivyo karibu ishirini. Cecilia hakulalamika, maana ukweli aliujua mwenyewe moyoni: alipenda. Alipenda ile dakika watu wazima wenye suti wanapoacha kuzungumza na kumtazama. Jembe halikuwahi kumpa dakika kama hiyo.

Kilichobadilisha kila kitu ni safari ya Sibwesa, mwezi wa kumi. Walipelekwa huko kumpokea mgeni, wakapakiwa kwenye Fuso la mtu lililokuwa linafuata mahindi. Kwenda walikwenda salama. Kurudi, jua linazama, Fuso likaingia korongo dogo kwa kasi na kuruka. Kila mtu alishika bomba la ubavuni. Dina hakushika bomba. Alikuwa ameikumbatia ngoma kwa mikono yote miwili kama mama aliyebeba mtoto mgonjwa, na aliporushwa chini alianguka nayo, akaiinua hewani ili isigonge. Ngoma haikupata hata mchubuko. Dina alivunjika nyonga.

Hospitali waliwapokea vizuri. Daktari alisema lazima aende Mbeya akawekewe chuma, na asichelewe. Ndipo maswali yakaanza. Ana bima? Hana. Alikuwa kazini? Alikuwa kazini. Kazi ya nani?

Hilo la tatu halikuwa na mtu wa kulijibu. Cecilia alizunguka ofisi hii na ile, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, na kila aliyemsikiliza alimwonea huruma kweli. Mmoja alitoa machozi. Lakini wote walimalizia na sentensi ileile: "Mama, tatizo hakuna kasma."

Ikabidi aulize. Alimuuliza Jeniffer, afisa utamaduni, binti mdogo ambaye meza yake ilikuwa nusu ya utamaduni na nusu ya mipira na jezi za mashindano ya shule.

"Mwanangu, kasma ni nini?"

Jeniffer alifikiri kidogo. "Ni kama kijumba, mama. Kwenye bajeti kila kitu kina kijumba chake. Barabara ina kijumba. Chanjo ina kijumba. Hela inaingia kwenye kijumba na inatokea humohumo. Sanaa hapa kwetu haina. Kwa hiyo hata mtu akiwa na huruma, huruma yake haina pa kukaa."

"Na sisi tunaoimba kila siku?"

"Hampo, mama. Kwenye karatasi hampo."

Cecilia akauliza, "Kijumba kinajengwaje?"

Hapo ndipo safari yake ilipoanzia, na aliyemjua akivizia wageni barabarani asingemjua tena. Watu wa Mwamkulu walichanga, wakapata hela ya picha za mfupa na dawa za maumivu. Ya Mbeya haikupatikana. Dina akarudishwa nyumbani kulala chali, mguu mmoja ukielekea kusikokuwa kwake. Na Cecilia, kila akitoka shambani, aliingia njiani. Alikuwa anatafuta vikundi. Jeniffer alimwambia sauti moja haisikiki kwenye bajeti. Zikiwa nyingi, mkoa unaweza kutenga fungu la sanaa: nauli salama, matibabu ya anayeumia, na kitu kidogo cha kuwafundishia wadogo.

Alikwenda Ikola, akawakuta wanawake wanaoimba wakianika dagaa, wakaweka dole gumba kwenye barua ya maombi aliyoandikiwa na Jeniffer, mpaka karatasi ikanuka dagaa. Alikwenda kwenye makazi ya watu waliotoka Burundi zamani, akakaribishwa na mzee Libérat, ambaye vijana wake wanapiga ngoma hadi ardhi inaitika. Libérat aliisoma barua yote, mstari kwa mstari, akavua miwani.

"Mama, sisi tumepewa uraia juzi juzi tu, kwa karatasi. Ngoma zetu zilishakuwa raia zamani. Zilikuwa zinaitwa kwenye sherehe hata wakati sisi wenyewe hatuitwi." Akasaini. "Nenda. Ila wakikupa soda, usinywe kwanza."

Vikundi vikafika kumi na kimoja. Diwani Danford, mtu mnene mcheshi, mwanzoni alimcheka. "Mama Osward, unataka kuimba kwa mshahara? Basi na ndege wataandamana." Lakini alipoziona sahihi, aliacha kucheka, akaibeba barua mwenyewe mpaka mjini. Mwezi wa pili kulikuwa na kikao cha kupitia bajeti ya mkoa. Jeniffer akapigana huko na huko, akarudi na habari amekaa nyuma ya bodaboda, kofia ngumu bado kichwani.

"Tumepata dakika kumi! Kabla hawajaanza. Kwenye ratiba wameandika burudani, ndio njia pekee niliyopata. Mnaimba kidogo, dakika tatu tu, halafu mama unasoma barua."

"Nisome?"

"Nimeiandika kwa herufi kubwa."

Cecilia aliichukua ile karatasi. Kusoma alijua, ila kwa kutambaa, neno moja linamsubiri jingine. Alijiona mbele ya watu wale, kidole kwenye mstari, wanakohoa. Usiku ule na siku zilizofuata wimbo ulimjia, na aliuacha uje. Aliimeza barua yote ndani ya ubeti wa nne. Korongo la Sibwesa lilikuwemo. Nyonga ilikuwemo. Kijumba kilikuwemo, na jina la Dina, na majina ya vikundi kumi na kimoja yakifuatana kama mabehewa ya treni ya Tabora. Alikuwa hajawahi kutunga ubeti mzuri kama ule.

Alimwimbia Dina kabla ya mtu mwingine yeyote. Dina alilala akitazama paa, vidole vyake vikipiga taratibu kwenye ubao wa kitanda. Ubeti wa nne ulipokwisha, vidole vilisimama.

"Umeniweka mimi mle."

"Nimekuweka."

"Mbele ya wakubwa?"

"Mbele yao wote."

Dina alifuta jicho kwa kona ya shuka. "Basi usije ukakosea ukasema nyonga ya kulia. Ni ya kushoto. Wewe kwa kusahau!" Halafu akasema kwa sauti nyingine, "Wifi, wakituweka kwenye hicho kijumba, mimi nitapelekwa Mbeya?"

"Daktari alisema mfupa bado unaweza kuwekwa sawa ukiwahi."

"Basi imba vizuri."

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na mji mzima wa Mpanda ulinukia udongo. Walikwenda wanawake kumi na wawili, ngoma ikapigwa na mwingine. Ukumbi ulikuwa umejaa, chupa za maji mezani, makabrasha manene kama matofali. Cecilia aliingia mbele, njuga zikamtangulia. Akaimba ubeti wa kwanza, na vichwa vikainuka kutoka kwenye karatasi. Akaimba wa pili, watu wakaanza kutikisika kwenye viti. Ubeti wa tatu uliusifu mkoa wa Katavi: mpunga wake, ziwa lake, asali yake, reli yake inayokuja kuishia hapa kama mtu aliyefika nyumbani. Ukumbi ukapiga makofi kwa mapigo ya ngoma. Alikuwa amewashika. Alijua amewashika, kama mtu anavyojua samaki yuko kwenye ndoano. Akavuta pumzi kuingia ubeti wa nne.

Mwenyekiti wa kikao akasimama.

Alikuja akicheza, mikono juu, anatabasamu, baba wa watu, akatoa noti mfukoni akaibandika kwenye paji la uso la Cecilia. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele.

Wimbo ukasimama palepale ulipofika. Cecilia alimwita jina, akamshukuru, akamzunguka. Kabla hajamaliza kumzunguka, wa pili alishafika. Huyu hakumjua. Jeniffer, aliyesimama ukutani, alisogea akamnong'oneza jina na cheo, na macho yake yalikuwa yanamwambia, mama, barua. Cecilia akamtaja wa pili. Wa tatu akaja, naye hakutaka kuonekana mchoyo mbele ya mwenyekiti. Wa nne, wa tano. Wakapanga foleni. Wenye vyeo vidogo wakasubiri wenye vyeo vikubwa watangulie. Diwani Danford naye akaja anatikisa tumbo, akamzunguka yeye badala ya kuzungukwa, watu wakacheka hadi wakagonga meza.

Kwa yule wa sita, Cecilia aliiona njia. Angeweza kugeuza uso. Angeweza kuinua mkono, ngoma ikanyamaza, na ubeti wa nne ukaanza hata mtu akiwa amenyoosha noti hewani. Ingekuwa aibu ya siku moja. Aliiona njia ile wazi kama uchochoro katikati ya nyumba mbili, na hakuipita. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka unataja jina. Na kama alivyokuja kumwambia Telesphor baadaye, akiwa amempa mgongo, hapo katikati ya majina alisahau. Kwa dakika mbili au tatu alisahau kabisa alichokuja kufanya, kwa jinsi walivyokuwa wanamtazama.

Aliyeshika kipaza sauti alitazama saa. "Makofi, makofi kwa mama zetu wa Mwamkulu! Hiyo ndiyo sanaa! Tunaomba watupishe sasa, twende kwenye kazi."

"Bado kidogo, baba," Cecilia alisema. "Kuna ubeti..."

"Tutausikia siku nyingine, mama yangu, mmetukosha kweli leo." Na mlango ukafunguliwa kwa heshima, na kijana akawaonyesha zilipo soda.

Jeniffer alibaki ndani na ile barua. Alitoka saa kumi, amevua viatu amevishika mkononi, akamkuta Cecilia amekaa kwenye ngazi. Wenzake walishapanda gari.

"Niliipeleka mezani," alisema. "Ilifika kwenye sanaa, ukurasa wa mwisho kabisa. Diwani Danford akasema ana barua ya vikundi. Mwenyekiti akauliza, ndio hawa wa asubuhi? Wakasema ndio hawa. Akasema..." Jeniffer aliviweka viatu chini. "Akasema, lakini hawa si tumeshawakumbuka? Watu wakacheka, wala si kwa ubaya, mama. Wamechoka tu. Wakafunga kabrasha."

"Hakuna aliyeniita?"

"Hakuna."

Cecilia aliangalia ungo wenye zile noti, uliofunikwa kanga. Akasema polepole, "Nimewataja wote, mwanangu. Hata mmoja sikumruka."

Hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Dina. Njiani alikuwa ameshaandaa uongo, uongo mzuri wenye kila kitu: wamesikia, wameandika, wanafikiria. Alipoingia, Dina alimtazama usoni, akaona alama ambazo noti zilikuwa zimeacha kwenye poda iliyolowa jasho.

"Wametuza?"

"Wametuza."

"Wangapi?"

"Sijui. Ukumbi mzima."

Dina alifumba macho. Mpiga ngoma anajua wimbo una urefu gani, na dakika kumi zina mapigo mangapi. Midomo yake ilisogea kidogo, kama anayepiga hesabu ya ngoma kichwani. "Basi hamkufika kwangu," alisema mwisho.

Cecilia akapiga magoti kando ya kitanda na uongo wake wote ukamdondoka. "Nisamehe, wifi. Ningewaruka. Ningewaruka tu."

"Ungewarukaje?" Dina alisema. "Mimi ningekuwepo kwenye ngoma, na wewe ukamruka mtu, ningekupiga kwa kijiti cha ngoma palepale." Alijaribu kucheka. Kikatoka kitu kingine, na wanawake wawili wakakumbatiana juu ya godoro, yule aliyepiga magoti akilia zaidi ya yule aliyelala.

Kikundi kilitaka zile za kutuzwa zote ziende kwa Dina. Zikamfikisha Mbeya, Telesphor akimsindikiza. Daktari wa huko akazitazama picha, akawaambia kwa upole kwamba mfupa umeshajiunga vibaya, na kwamba damu ya mgonjwa ni kidogo mno kufungua upya. Angekuja mwezi wa kumi au wa kumi na moja, ingewezekana. Wakarudi na karatasi.

Baada ya hapo Dina hakukaa sana. Vidonda vya kulala vilimwingia mgongoni. Cecilia alimgeuza asubuhi na jioni, akamwosha, akampaka mafuta, akamtania kuhusu mbuzi kilema, na Dina akajibu mpaka siku alipoacha kujibu. Alizikwa wiki moja kabla ya Pasaka. Mtendaji alikuja na pole. Mwenyekiti wa kikao alituma shada la maua na salamu nzuri zilizosomwa kaburini, zikamtaja marehemu kuwa ni hazina ya mkoa. Telesphor alizisikiliza hadi mwisho, kofia mkononi.

"Hazina," alimwambia mkewe usiku. "Kumbe walijua."

Mwezi wa saba bajeti mpya ilianza bila kijumba. Mtendaji alipopiga simu ya mapokezi, Cecilia alisema ana homa. Akapiga tena, akasema ana msiba, na haikuwa uongo. Wanawake walikwenda bila yeye mara mbili, mara ya tatu hawakufika nusu, mara ya nne mgeni akapokelewa kwa spika mbili kubwa zilizofungwa kwenye pikapu. Ikaonekana ni rahisi zaidi. Spika haichelewi, hainyonyeshi, haivunjiki nyonga. Wimbo nao ulikoma kumjia. Alipalilia mpunga wake kwa wakati, ukawa mzuri kuliko miaka yote, na Telesphor alisimama kwenye tuta akiutazama bila furaha.

"Ungeimba kidogo," alisema siku moja.

"Niimbe nini?"

Telesphor alizoea kuulalamikia wimbo, hakujua namna ya kuuomba.

Kazi aliyoifanya Cecilia mwaka ule haikusikika na mtu. Alichukua daftari la mwanawe wa mwisho, akawa anaiandika ile barua upya kwa mkono wake. Alimwomba Jeniffer amwonyeshe, si amwandikie. Ukurasa mmoja ulimchukua kuanzia mavuno hadi mvua za kwanza. Akajifundisha kuusoma kwa sauti, jikoni, mbele ya kuku, mpaka kidole kikaacha kuhitajika kwenye mstari.

Mwezi wa pili ulipofika tena alivaa gauni lake la kanisani, akapanda bodaboda peke yake. Mlinzi wa getini alimkumbuka, uso ukamchangamka.

"Mama wa mapokezi! Leo peke yako? Ngoma ziko wapi?"

"Leo nimekuja kusema, baba."

Mlinzi aliitazama karatasi yake ya majina, akaigeuza nyuma, akaitazama tena. "Kusema hakumo, mama. Kuna burudani, na imeshaingia." Kutoka ukumbini ulisikika muziki wa spika, na watu wakipiga makofi. "Ungekuja na ngoma ningekupitisha hivi hivi. Peke yako, naogopa kibarua changu."

"Barua je, inapita?"

"Barua inapita masjala, mlango ule wa kijani."

Kwenye mlango wa kijani kulikuwa na dada mmoja mwenye ujauzito mkubwa, amevua viatu chini ya meza, mafaili yamemzunguka mpaka kwenye kiti cha pili. Alipokea barua, akachukua muhuri.

"Subiri kidogo, mwanangu," Cecilia alisema. "Naomba niisome."

"Mama, hapa hatusomi. Tunapokea tu, inakwenda kwa wahusika."

"Najua. Haitachukua muda. Sina mahali pengine pa kuisomea."

Yule dada aliangalia mlango, akaangalia saa, akaushusha muhuri. Cecilia alisimama wima. Akasoma kuhusu Fuso na korongo, na mwanamke mmoja aliyeitwa Dina, aliyepiga ngoma miaka ishirini na kuvunjika nyonga ya kushoto akitoka kazini, ambaye kazi yake haikuwa na kasma. Akasoma vikundi kumi na kimoja. Viwili vilishavunjika, alivisoma hivyohivyo. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma. Alipomaliza, muziki wa upande wa pili ulikuwa umezimwa na mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili.

Dada wa masjala alipiga muhuri, akaandika tarehe, akampa nakala. Mkono wake mwingine ulikuwa tumboni.

"Mtajibiwa, mama."

"Lini?"

"Bajeti ikishapita."

"Mwaka jana ilipita."

Nje mvua ilikuwa imeanza, ya upepo, inapiga moja kwa moja kwenye benchi la barazani ambako waliokuja na barua hukaa. Cecilia alikunja nakala yake, akaiweka ndani ya gauni isilowe, akaanza kutoka.

"Usikae huko," dada alisema. Akayatoa mafaili kwenye kiti cha pili, moja moja, akayaweka sakafuni. "Kaa hapa mpaka ikatike."

Cecilia akakaa. Wakaisikiliza mvua wote wawili, na kupitia ukutani, sauti ya mtu anayesoma bajeti, ukurasa wa kwanza.